Maiki Haing'ati, Msee

Panda mathree yoyote ya kutoka tao jioni, za Umoja ama za Rongai, na kabla ijae kuna msee atasimama hapo kati akiwa na kibegi. Anauza dawa ya meno, ama ya kunguni, ama peni zenye ziko na tochi. Hakuna mtu amemuita. Nusu ya gari imeziba masikio na iafoni, na dame wa dirishani ashaamua kumlenga kabisa. Msee ako na dakika ka tano hivi, dere awashe ndai waende. Na bado atashuka na soo kadhaa mfukoni.

Mcheki poa venye anafanya. Haanzi na jina yake, haanzi na historia ya kampuni. Anaanza na mdomo yako: we ukipiga mswaki asubuhi, hauonangi damu kwa sinki? Hapo watu wawili washainua kichwa. Anatoa chupa, anakuwekea mkononi, ushike tu, kushika ni bure. Anataja bei ya supamaketi kwanza, alafu ndio anataja yake. Akimaliza anauliza nani amerukwa, na anashuka kabla hajaboo mtu. Hiyo sauti yote ametumia ni ile tu angetumia akiwa anabonga na wewe kwa kibanda.

Sasa wewe na digri yako umeambiwa Ijumaa utatoa prizentesheni ya dakika kumi, mbele ya watu wachache wenye unawajua majina, ndani ya ofisi iko na AC. Na tangu Jumatatu haujadishi vizuri.

Mi naona shida yetu si woga. Woga kila mtu ako nayo. Shida ni venye tukipewa maiki tunageuka tunakuwa watu wengine. Huko base we ndio unachapanga stori hadi mbogi inalia na kicheko. Lakini simamishwa mbele ya watu, na ghafla unabonga ka hedimasta wa 1985, na Kizungu yenye hujawahi kutumia hata siku moja kuitisha chapo madondo.

Hiyo sauti tuliokota shule. Ka ulisomea Kenya unajua drama festival: mtoto mdogo mbele ya jaji, mkono mmoja mbinguni, mwingine kwa kifua, anapigia dunia nzima kelele kuhusu ufisadi kwa maneno mwalimu alimwandikia. Sisemi ilikuwa mbaya. Iliwatoa watoi wengi uwoga, na kuna waigizaji wengi unawaona kwa TV saa hii walianzia hapo. Lakini ilituachia imani moja noma, ati kubonga mbele ya watu ni kukariri kitu ya mtu mwingine alafu kuitoa na sauti yenye si yako.

Ok, baridi. Tuongelee baridi, juu najua hiyo ndio inakunyima usingizi. Moyo inadunda, viganja zinaloa, mdomo inakauka, tumbo inaanza siasa zake. Hiyo ni adrenalini. Mwili imeona macho mingi zimekuelekea, imeamua kuna ngori, sa inakupea nguvu upigane ama utoke nduki. Hata wazito wanaiskianga. Tofauti iko kwa jina unaipea. Mwaka wa 2014 profesa mmoja wa Harvard, Alison Wood Brooks, alitoa utafiti wenye wasee kabla ya kupeana spichi waliambiwa waseme kwa sauti: kikundi moja iseme imetulia, ingine iseme iko na mzuka. Wale wa mzuka ndio walifanya poa. Na ukifikiria inaingia akilini. Kutoka moyo inadunda hadi utulie kabisa ni safari ndefu, na hauna hiyo time. Lakini kutoka uwoga hadi mzuka ni mlango wa pili tu, moyo inaendelea kudunda vilevile. Kwa hivyo ukiskia inaanza, jiambie uko na mzuka. Sema na mdomo, usifikirie tu. Ukionekana mwenda wazimu kwa korido, sare.

Ingine yenye ilinitoa ushamba ni ya Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, 2003. Hao waligundua kwamba msemaji anafikirianga uwoga yake inaonekana kuliko venye inaonekana kwa ukweli. Na wenye walichanuliwa hiyo kitu mapema waliongea vizuri zaidi. Hiyo mkono unaona inatetemeka hadi Thika, msee wa laini ya nne hata hajaiona. Isipokuwa umeshika karatasi. Karatasi itakuchoma, inatetemeka mara mbili yako na maiki inashika hiyo kelele yote. Andika pointi zako kwa kadi ngumu, ndogo, inaingia kwa kiganja.

Pia toa pumzi polepole, ichukue muda kuliko ile uliingiza nayo, mara nne tano hivi ukiwa bado umekaa. Maji kiasi. Soda achana nayo, gesi itatoka wakati mbaya na itatokea kwa spika. Na wale wa kutafuna kwanza ndio wapate mdomo: jaba itakupea mdomo, sikatai, lakini haikupei breki.

Lugha sasa. Hapa nitawashangaza juu mi ni mtu wa Sheng hadi kwa mifupa: Sheng haiendi kila mahali. Mnakumbuka Obama akikuja, Julai 2015, pale Kasarani? Alifungua na salamu ya mtaa na ukumbi ikawaka. Lakini cheki kenye alifanya baadaye: alirudi kwa Kizungu yake. Hakujifanya amezaliwa Kaloleni. Salamu moja ya kuonyesha amewaona, alafu akawa yeye mwenyewe. Ama Raila, Mungu amlaze pema. Huyo mzee alikuwa anatangaza mpira juu ya gari: huyu amepata pasi, anampea yule, anapiga chenga, na siasa yote ya nchi imeingia kwa huo mchezo bila hesabu ndefu. Alafu kitendawili, na umati inajibu. Unaweza kuwa hukuwai kumpigia kura na bado ukubali alijua kitu moja, kwamba watu wanataka kupewa kazi. Ukiwaachia nafasi wajibu, wanaacha kuwa wageni wa spichi yako.

Sheria yangu ya lugha ni simpo. Tumia ile ungetumia ukiwa umekaa na mtu mmoja wa hapo, chai mkononi. Ruracio huko Murang'a, na wazee wako na kofia na bakora? Salimia wazee ka wazee, Kiswahili ya pole, na ka unajua Kikuyu kiasi, toa yote. Niaje yako iwache kwa gari. Intavyuu ya benki? Kizungu yako ya kawaida, bila tweng ya kuomba. Hiyo tweng huwa inaisha dakika ya tatu, alafu watu wanabaki wakijiuliza yule msee wa kwanza alienda wapi.

Na tafadhali, hizi salamu. Kuna ile sentensi, itifaki imezingatiwa. Ilitengenezwa ndio msee asisome majina ishirini. Kenya msee anaisema alafu anasoma majina ishirini: chifu, MCA, mwenyekiti wa kamati, mwenyekiti wa kamati ya chakula, pasta, mke wa pasta. Dakika nne zimeenda na hakuna kitu imesemwa. Mwanzo ndio watu wanaamua ka watatoa simu ama hawatatoa. Taja mzito mmoja ama wawili wenye lazima, wengine wape salamu moja ya jumla, alafu ingia.

Kuingia na nini? Na kitu inawahusu, ile ya damu kwa sinki. Ka ni chama na unataka wabadilishe njia ya kukopesha, usianze na umuhimu wa akiba. Anza na ile Jumapili doh ilikosa kufika na watu wakanuniana. Kila mtu hapo anaikumbuka. Kuanza na "sijajiandaa sana" ama "mimi si muongeaji mzuri" ni kujichoma bure, juu watu walikuwa hawajui, sasa wanajua na wanaanza kutafuta ushahidi.

Maandalizi: usiandike kila kitu. Ukikariri neno kwa neno, moja ikipotea zote zinahepa nayo. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, hizo tu, hadi uzitoe ukiwa usingizini. Katikati weka pointi tatu, kila moja neno moja kwa kadi. Ukiwa na tano, mbili hazina maana, na unazijua. Alafu pigia beste yako simu, mwambie pointi yako kubwa kwa pumzi moja, umuulize akurudishie. Akishindwa, makosa si yake.

Fanya mazoezi na sauti. Kichwani kila mtu ni PLO Lumumba. Ni ukifungua mdomo ndio unajua ile sentensi ilikuwa ndefu hadi pumzi inakatika kabla kituo. Jirekodi na simu, jiskize. Utachukia sauti yako, na kuna sababu: ukiongea unajiskia kupitia hewa na pia mifupa ya kichwa, zenye zinaongeza bezi. Rekodi inashika hewa peke yake. Ile sauti nyembamba unaskia kwa simu ndio sisi wengine tumekuwa tukiskia miaka yote, na tulikuwa sawa nayo. Zoea. Alafu hesabu umesema "yaani" mara ngapi. Dawa ya "yaani" ni kunyamaza. Kwako sekunde mbili za kimya zinafika Mombasa na kurudi, kwao zinaonekana ni kama unafikiria, na msee mwenye anafikiria huwa anaheshimiwa.

Kuhusu urefu, msee akibonga Kizungu kwa mwendo wa kawaida anatoa maneno ka 130 hadi 150 kwa dakika. Zetu ni ndefu, neno moja ya Kiswahili inaweza beba sentensi nzima ya mzungu, kwa hivyo hesabu chini ya hapo. Ukiambiwa dakika tano, tayarisha ya nne. Hakuna spichi imewai kuwa fupi kuliko venye ilipangwa.

Sasa maiki yenyewe, juu hii hakuna mtu hutufunza. Weka karibu na mdomo, upana wa vidole vitatu vinne, chini kidogo ya midomo ndio zile P na B zisilipuke. Ukigeuza kichwa, geuka nayo. Usiigonge, usiipulize, msee wa mitambo ashaitesti. Ikianza kulia ile mlio wa kupasua masikio, haijaharibika: sauti ya spika imeingia tena kwa maiki, ikaongezwa nguvu, ikatoka, ikaingia tena, na inazunguka hivyo. Toka mbele ya spika ama usiielekeze huko. Na usishike kichwa ya maiki na kiganja ka rapa. Hiyo inafunga nafasi zenye zinasaidia maiki ichague sauti ya mbele, na mlio inazidi. Stima ikipotea, na tunaishi Kenya, itapotea, usipige kelele na koo. Sogea mbele, punguza mwendo, ambia watu wasogee pia. Hapo mara nyingi ndio spichi inakuwa tamu.

Mahali pa kunoa mdomo bila kulipa? Jeevanjee. Ile paki A. M. Jeevanjee alipatia watu wa Nairobi 1906, hapo kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu. Kuna wasee wanajiita Bunge la Mwananchi, wamekuwa wakijadili nchi hapo miaka mingi, bila maiki, bila kiti ya mgeni wa heshima. Simama kando kwanza, skiza. Utaona hapo hakuna mtu anakupea heshima ya bure: pointi ikiwa nyepesi unakatwa katikati, mzee mwenye viatu imeisha anakuuliza swali moja na unaishiwa. Nayo ukikatwa, usijaribu kupiga kelele juu ya kelele. Nyamaza, mwangalie, mrudishie swali yake kwa sauti ya chini ndio wengine wasogee kuskia, alafu jibu. Ukiwa hauna jibu, sema hauna. Hapo wanasameheanga msee hajui kuliko msee anadanganya.

Ka hiyo ni moto sana, kuna vilabu za Toastmasters Nairobi, na wageni wanakaribishwa kucheki. Hiyo kitu ilianzia California 1924 na muundo wake ni wa ukweli: spichi ya kawaida dakika tano hadi saba, taa ya kijani, ya manjano, nyekundu, na mtu mmoja kazi yake ni kuhesabu "aaa" na "mmm" zako alafu kukusomea mbele ya watu. Inachoma, lakini inatibu. Kuna pia ile sehemu unarushiwa swali papo hapo na una dakika moja ama mbili. Vaibu yake ni ya tai na suti kiasi, usishtuke. Chukua mazoezi, wachia wao tai.

Na kuna wale walijifunzia kwa simu. Juni 2024, wakati wa ule mswada wa fedha, Spaces za X zilijaa vijana wenye hawajawahi kushika maiki maishani. Giza kwa keja, sauti peke yake, na foleni ya watu nyuma yako wanangoja zamu. Wenye walishikika walikuwa na mtindo moja: jina, natoka wapi, kitu moja imenipata, swali. Basi. Julai 5 Rais mwenyewe akaingia kwa Space na vijana wakamuuliza maswali mubashara. Siasa yako na yangu kando, ka mwalimu wa kuongea kwa ufupi, hakuna darasa ilikuwa inashinda hiyo mwaka huo.

Lakini wengi wetu spichi ya kwanza ya ukweli haitakuwa ya siasa wala ya kazi. Itakuwa matanga. Mtu wa familia atakuja asubuhi hiyo, macho nyekundu, akwambie we ndio utaongea kwa niaba ya wajukuu. Una masaa matatu. Hapa ndio naskianga uchungu juu naona watu wanapoteza nafasi. Msee anasimama anasema guka alikuwa mpole, mkarimu, mcha Mungu, mchapa kazi. Sawa, lakini kila guka amezikwa Kenya hii alikuwa hizo nne. Hakuna mtu atabeba hiyo kitu nyumbani. Achana na sifa, tafuta kitu moja alikuwa anafanya. Ka alikuwa anaficha mandazi kwa mfuko wa koti Jumapili alafu anajifanya ameshangaa zimetoka wapi, sema hiyo. Sema koti ilikuwa rangi gani. Utaona mashangazi wanacheka na kulia pamoja, na hao ndio walimjua kuliko wewe. Usiseme eti alikuwa mkarimu, mandazi ishasema. Stori moja, dakika mbili, shukuru wenye walimuuguza, kaa chini.

Ukilia katikati, simama tu. Usiombe msamaha. Vuta pumzi, angalia mtu mmoja wa familia, endelea na sentensi yenye uliacha. Ikikataa kabisa, mpee kadi mwenye ako karibu amalizie. Ndio maana maandishi iwe kubwa na ya kusomeka.

Hiyo ya kuangalia mtu mmoja inafanya kazi kila mahali, pia. Wale wa kukuambia uangalie ukuta juu ya vichwa vya watu wanakudanganya, tunaona. Chagua sura tatu zenye zinakubali, moja kushoto, moja kati, moja kulia, na kila pointi impee mmoja hadi iishe. Kuna mjomba fulani kila harusi anakukunjia uso mwanzo hadi mwisho. Mkaushie. Mara nyingi hata hakuchukii, ni njaa.

Na kumaliza. Wakenya tunajua kuanza kumaliza. "Kwa hayo machache," na yalikuwa mengi, alafu "kabla sijakaa," alafu "la mwisho kabisa," na sufuria za pilau zinapoa huko nyuma. Ile sentensi ya mwisho ulikariri, itoe, nyamaza sekunde moja, rudisha maiki. Usiongeze kitu ati juu watu hawajapiga makofi bado. Watapiga. Jioni tafuta beste mmoja mwenye hajui kukupaka mafuta, umuulize alianza kucheki simu ukiwa umefika wapi. Hapo ndio utakata ukipewa maiki tena.